Kamera yangu inamwita mbwa wa mjomba fisi, na mjomba amechoka kuamshwa

FundiLuthuli

Habari zenu wakuu. Naomba msaada, na nitaeleza kwa urefu kidogo maana nikifupisha nitaambiwa tu "punguza makali ya kihisi", na hilo nimeshafanya.

Mimi ni fundi wa simu, kibanda changu kiko Luthuli, Nairobi mjini. Mjomba wangu, kaka yake mama, anafuga mbuzi na kondoo Tuala, ng'ambo ya mto Mbagathi. Mnaoifahamu Mbuga ya Nairobi mnajua kwamba imezungushiwa ua upande wa mji, lakini kusini mpaka ni mto. Imekuwa hivyo tangu ilipoanzishwa mwaka 1946, na mimi naona ni heri, kwa sababu kilomita mraba 117 ni kidogo mno kwa pundamilia na nyumbu. Mvua ikinyesha lazima watoke kuelekea Kitengela na tambarare za Athi. Napenda kuwaona wakivuka. Ila anapopita pundamilia hupita na fisi.

Mwezi wa tatu fisi waliingia bomani mara mbili. Mara ya kwanza waliua mbuzi watatu, mara ya pili watano, na mmoja wao alikuwa na mimba. Nilifika asubuhi nikamkuta mjomba ameketi juu ya debe, hasemi neno. Aliyesema ni jirani: kuna dawa fulani ya wadudu, ukiinyunyiza kwenye mzoga na kuuacha pale usiku, fisi hawarudi tena. Mwili ulinisisimka. Si tunakumbuka wote simba wa Mara waliotiwa sumu Desemba 2015? Mzoga wenye sumu hauchagui mlaji. Atakula fisi, atakula bweha, watashuka tai kwa makumi, na mbwa wa boma naye atapita hapo. Nikamwomba mjomba anipe miezi mitatu nimtengenezee kitu kitakachomwamsha yeye wakati fisi bado yuko nje ya ua.

Nimetumia kompyuta ndogo aina ya Raspberry Pi, kamera ya usiku yenye taa za infraredi, kihisi cha joto, betri kuukuu ya gari na paneli ya sola. Picha ikipigwa, programu ya kwanza, MegaDetector, inaangalia kama kuna mnyama, mtu au gari. Kama ni mnyama, picha inapelekwa kwa programu ya pili ya akili unde inayotaja jina lake. Hiyo niliipakua intanetini, imefundishwa kwa picha za wanyama wa savana. Ikisema fisi au simba au chui, mjomba anapata SMS.

Usiku wa kwanza alipata SMS 14. "FISI, 0.81." "FISI, 0.79." Kumi na moja kati ya hizo zilikuwa Bosco, mbwa wake mwenyewe, anayezunguka boma usiku kucha kama anavyotakiwa. Mbili ni kondoo waliochungulia ukutani. Moja ni utando wa buibui mbele ya lenzi, umelowa umande, unang'aa. Usiku wa pili zikawa tisa, wa tatu 16. Usiku wa nne mjomba akaizima simu sauti, na simlaumu. Ana miaka 68 na hulala saa chache.

Usiku wa tano, saa nane na dakika arobaini, ujumbe ulikwenda tena. FISI, 0.77. Picha ninayo hapa. Mgongo unaoteremka kuelekea nyuma, masikio ya duara, shingo nene, macho mawili meupe. Alikuwa fisi kweli. Mtambo wangu ulimwona na ukasema. Simu ilikuwa kimya chini ya mto wa kulalia, na mbuzi wawili wakafa.

Nikipandisha kiwango cha uhakika hadi 0.80, yule fisi wa kweli asingetangazwa, na Bosco angeendelea kutangazwa. Nifanyeje? Muda niliopewa umebaki mwezi mmoja na nusu, na jirani hajaacha kuuliza.

---

Mtegaji

Pole sana ndugu, mfikishie na mjomba pole zangu. Nimetega kamera za wanyama kwa miaka tisa, Laikipia na Mara, na hayo yaliyokupata nimeyaona kwa sura nyingine nyingi.

Tuanze na namba yako, 0.81. Watu wengi huisoma kama vile mashine inasema "nina hakika ya asilimia 81 kwamba huyu ni fisi". Sivyo. Mashine ina orodha ya majina iliyofundishwa, na kwa kila picha ni lazima iyagawie majina hayo alama. Kama jina "mbwa" halimo, Bosco hana pa kuwekwa. Ana miguu minne, ana kimo cha fisi, anatembea usiku karibu na kamera, basi anasukumiwa kwenye jina linalomkaribia. Kwa hiyo hata ukipandisha kiwango hadi 0.95, kuna usiku atafika huko.

Mfano mkubwa wa kazi hii ni Serengeti. Watafiti walitega kamera 225 kuanzia mwaka 2010, na takriban robo tatu ya picha zilikuwa tupu, nyasi na jua tu. Watu wa kujitolea walizipitia moja moja na kuandika walichokiona. Baadaye picha milioni 3.2 zilitumika kufundisha mashine kutambua spishi 48, na utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba kwa zaidi ya asilimia 99 ya picha mashine ilifikia usahihi wa wale watu. Ni kazi ya kuheshimiwa. Lakini ni Serengeti, si boma la Tuala lenye mbwa, kondoo na debe. Mashine hizi zikihamishwa mahali zikakuta mandhari mageni, huyumba. Hilo limepimwa mara nyingi.

Kwa hiyo ifundishe boma lako. Huhitaji kuanza upya. Unaacha tabaka za chini za ile programu ya pili kama zilivyo na kufundisha za mwisho tu. Kusanya picha mia kadhaa za Bosco, za mchana na za usiku, akija, akienda, amelala. Kondoo pia, mbuzi, mjomba mwenyewe akitoka na tochi. Fisi utawapata wachache, kwa hiyo ongezea picha za fisi za usiku kutoka hazina zilizo wazi. Watu wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, Nyeri, wamefanya kazi inayofanana na yako kwa kompyuta hizo hizo ndogo kwenye hifadhi ya chuo, na picha zao wamezitoa bure. Tafuta DSAIL-Porini, uone angalau walivyopanga mambo. Na unapojipima, usitumie picha za usiku uleule uliofundishia. Picha kumi za Bosco zilizofuatana ni kama picha moja, utajisifu bure.

Kisha kihisi. Kile kijicho cheupe hakimwoni mnyama, kinahisi badiliko la joto mbele yake. Majani yaliyopigwa na jua yakitikiswa na upepo, kwake ni sawa na swala aliyepita. Fyeka nyasi hatua sita au saba mbele ya kamera, hadi chini kabisa. Igeuze itazame kaskazini au kusini, maana sisi tulio karibu na ikweta kamera ikitazama mashariki au magharibi inakabiliana na jua kila siku. Ifunge kimo cha goti hadi paja. Buibui mfute kila jioni. Hakuna programu itakayokusaidia hapo.

Jambo la mwisho, ni dogo lakini nimeliona likifanya kazi kwa ng'ombe. Kata kipande cha utepe unaong'aa, ule wa kizibao cha bodaboda, ukishone kwenye ukanda wa shingo wa Bosco. Taa za infraredi zikiupiga, utawaka mweupe pepe kwenye picha. Hata mtoto ataweza kuandika programu ya kutambua mstari ule.

---

FundiLuthuli

Mtegaji, Mungu akubariki. Vizibao vya bodaboda vimejaa hapa nje ya kibanda changu, sijui kwa nini sikufikiria. Swali moja: Bosco na fisi wakiwa kwenye picha moja, si utepe utamficha fisi?

---

Mtegaji

Hautamficha. MegaDetector huchora mraba kwa kila mnyama peke yake. Tafuta utepe ndani ya kila mraba. Mraba wenye utepe uache, usio na utepe endelea kuuchunguza.

---

Mama_Empakasi

Mwanangu, nimesoma yote, na nimesoma mara mbili pale uliposema simu ilikuwa chini ya mto. Mimi nafuga upande huu wa Empakasi, kusini mwa mbuga, tangu niolewe. Simba wamenichukulia ng'ombe, fisi wamenichukulia kondoo nisioweza kuwahesabu. Sijui programu, lakini boma nalijua.

Kwanza, nimekuona ukihangaika kumfanya Bosco asionekane. Hebu muulize mjomba wako: usiku ule wa tano, Bosco alibwekaje? Mbwa wa boma ana milio. Akibwekea mtu anayepita njiani ni sauti moja. Akibwekea punda ni nyingine. Akinusa fisi hubweka mfululizo kwa sauti nyembamba, akirudi nyuma kuelekea mlangoni, na mbuzi nao wanaacha kucheua na kusongamana upande mmoja. Mimi huamshwa na kule kusongamana, kwato zikisuguana, kabla sijamsikia mbwa. Kama una mashine ya kuona, weka na ya kusikia. Mashahidi wawili wakikubaliana ndipo umwamshe mzee.

Pili, ujumbe wa simu unamfikia nani? Mzee wa miaka 68, peke yake, usiku wa manane, atoke na rungu? Hata akiamka, ni dakika kumi kabla hajapata viatu. Fisi anahitaji mbili. Mtambo wako ukishamwona fisi, wenyewe ufanye kitu hapo hapo. Huku kwetu kuna kijana, Richard Turere, aliyekulia karibu na mbuga hii hii. Akiwa na miaka 11 hivi alichukua kisanduku cha taa za ishara za pikipiki, betri kuukuu ya gari, sola na balbu za tochi, akatengeneza taa zinazowaka na kuzima kuzunguka boma la baba yake, simba wakadhani kuna mtu anatembea na tochi. Mwaka 2013 alipelekwa Marekani kwenye jukwaa la hotuba la TED akaeleza. Nami nimezitumia taa za namna hiyo. Zinasaidia sana, ingawa zangu zilizokuwa zikiwaka usiku kucha, kila usiku, fisi walizizoea baada ya miezi. Zako zinaweza kukaa gizani na kuwaka pale tu anapokaribia. Hiyo ndiyo faida niionayo kwenye hiyo akili unde yenu.

Tatu, ua. Ua wa miiba uliooza chini haulindwi na kamera. Mwambie mjomba apitishe waya wa kusuka na auzike chini kwa urefu wa kiganja hadi kiwiko, maana fisi huchimba.

Na huyo jirani msimkimbie. Anayetaja sumu ni mtu aliyepoteza mifugo. Mwiteni aone picha.

---

Faragha_Kwanza

Nakubaliana na Mama hapo juu. Mimi naongeza la upande mwingine, nalo halijatajwa.

Kamera yako haimwoni fisi na Bosco tu. Kuna njia karibu na kila boma. Saa kumi na moja alfajiri kuna kina mama wanaokwenda kupanda matatu Rongai, kuna vijana wanaorudi usiku kwa mambo yao. MegaDetector inakwambia wazi kwamba "huyu ni mtu". Basi ifanye iifute picha hiyo palepale, isihifadhiwe wala isitumwe. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na hata kama sheria isingekuwepo, hao ni majirani zako na hawakukubali kupigwa picha. Waambie pia kamera iko wapi. Mtambo usiojulikana na majirani huibwa, na huzua maneno.

Usiitege ndani ya mbuga wala kwenye mto upande wa mbuga bila kibali cha KWS, shirika la wanyamapori. Na ukipata picha ya faru au simba, usiipandishe mtandaoni ikiwa na taarifa za mahali ndani yake. Wewe fundi wa simu unajua jinsi ya kuzifuta.

Kuhusu mbuzi waliokufa: Sheria ya Wanyamapori ya 2013 inatambua fidia ya mifugo, na fisi yumo kwenye orodha. Piga ripoti mapema, mzoga na nyayo zikiwa bado zipo. Picha yako yenye saa na tarehe iambatanishwe. Usitegemee kulipwa haraka, lakini ripoti isiyoandikwa haihesabiki popote.

---

FundiLuthuli

Wakuu, zimepita wiki tano. Niliahidi moyoni kwamba nikirudi hapa nitarudi na habari kamili.

Utepe nimeushona mwenyewe kwa uzi wa kushonea viatu. Kwenye picha ya kwanza ya usiku Bosco alionekana kama kivuli chenye pete ya moto shingoni. Nilicheka peke yangu kibandani hadi mteja akaniuliza kuna nini. Nimekusanya picha 640. Nilizipanga saa za mchana nikisubiri wateja, mpwa wangu akinisaidia baada ya shule: Bosco, kondoo, mbuzi, mtu (tunafuta), fisi, paka pori, kitu kisichojulikana. Hicho cha mwisho ni muhimu, Mtegaji, hukukisema lakini nilikielewa kutokana na maelezo yako. Sasa mashine ikikutana na kitu isichokijua ina mahali pa kukiweka, haimsukumii fisi.

Mjomba nilimuuliza kuhusu mlio. Akanyamaza, kisha akaigiza. Mzee mzima, amesimama uani, anabweka kama Bosco: wa mtu, wa punda, wa fisi. Ni kweli kabisa, ni milio mitatu tofauti, na miaka yote hii mimi nilikuwa nikisikia mbwa anabweka tu. Nimefunga kipaza sauti chini ya paa la zizi. Kutenganisha milio yenyewe bado sijaweza vizuri, picha ni rahisi kuliko sauti, ila kubweka mfululizo zaidi ya sekunde ishirini nakutambua bila shida. Kwa hiyo: mraba usio na utepe unaofanana na fisi, pamoja na Bosco kubweka mfululizo, ndipo taa mbili za bodaboda zinawaka na honi inalia. SMS inafuata nyuma. Kila kimoja kikitokea peke yake kinaandikwa tu, nami nakisoma asubuhi.

Kwa usiku 19 wa kwanza honi ililia mara mbili. Mara moja ilikuwa bure: mbwa wa jirani alikuja, hana utepe, Bosco akamfokea. (Naye amevishwa sasa.) Mara ya pili ilikuwa saa tisa kasoro robo. Picha zilipigwa nne. Ya kwanza, fisi amesimama, pua chini, kwenye nyasi nilizozifyeka, umbali wa kama hatua nane kutoka kwenye waya. Ya pili, fisi mwingine nyuma yake, macho tu. Ya tatu ni taa, kila kitu kimekuwa cheupe. Ya nne ni mkia. Mbuzi wote walihesabiwa asubuhi, na kwenye udongo nyayo zilionekana zikigeuka na kurudi mtoni. Niliinama nikazitazama muda mrefu. Hawakudhurika, wamerudi zao, na mjomba alitoka akiwa amevaa viatu vyote viwili.

Ua umezikwa chini kama alivyosema Mama, upande wa mto wote. Ripoti ya wale mbuzi imeandikishwa.

Jirani aliitwa. Nilimwonyesha picha hizo nne kwenye simu, akaitazama ile ya pili kwa muda, yale macho. Akauliza ni shilingi ngapi. Nikamwambia kamera na kompyuta nitamtafutia Luthuli zilizotumika, betri na taa atoe yeye. Amekubali, na namba yake nimeiongeza kwenye SMS za mjomba. Neno la sumu halijatajwa tena tangu siku hiyo, nami sijalitaja.

Sasa nina swali jipya. Boma lake liko kama mita 400 kutoka kwa mjomba, katikati kuna migunga na bonde dogo. Sitaki kulipia laini mbili za simu. Redio ya LoRa, ile ya kutuma ujumbe mfupi mbali bila laini ya simu, itapita hapo?

---

Mtegaji

Itapita bila shida. Redio hizo huenda kilomita kadhaa kwenye uwanja wazi, mita 400 zenye migunga si kitu. Kinachoua ni lile bonde. Usifunge antena kwenye ukuta wa zizi, ipandishe kwenye nguzo hadi paa la nyumba lionekane chini yake, pande zote mbili. Na kabla ya kuichomelea, tembea na kipokezi mkononi hadi chini bondeni, mwache mpwa wako asome namba za nguvu ya mawimbi.